Bunduki ya Mashoto

Kila Jumatatu, kabla wateja hawajaanza kunigongea mlango hapa Sirari, naitia mafuta cherehani yangu. Kachupa ni kale kale kenye mdomo mrefu. Matone matatu huku, mawili kule, kisha nafuta kwa kitambaa. Binti ninayemfundisha kushona aliniuliza majuzi kwa nini nageuza uso nikifanya hivyo, nami nikamjibu kwamba yananipalia. Uongo mtupu. Mafuta ya cherehani hayajawahi kumpalia mtu. Harufu yake inanirudisha Matongo, kwenye chumba cha babu yangu mzaa baba, na huko sipendi kurudishwa nikiwa na kazi za watu mkononi.

Babu aliyanunua mafuta hayo na hakuwa na cherehani. Alikuwa na bunduki nne. Nikisema bunduki msije mkadhani ni zile za wizi wa ng'ombe ambazo sisi Wakurya tunasingiziwa, na wakati mwingine hatusingiziwi. Zake zilikuwa bunduki za kuwindia za zamani, zile za kuvuta bolti nyuma na kuirudisha kila baada ya risasi moja, na kila moja ilitengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja, vile mimi ninavyomkatia mtu suti. Ujana wake Babu aliumalizia porini upande wa Serengeti, akiwabebea silaha wawindaji wa Kizungu. Walipoanza kurudi kwao, huyu akamwachia moja kwa shukrani, yule akabadilishana naye kwa madume wawili wa ng'ombe, mpaka zikatimia nne. Leseni zake alizifunga kwenye nailoni akaziweka ndani ya Biblia. Wazee wenzake walimcheka sana. Mtu mzima, badala ya kujaza zizi, anajaza sanduku vyuma visivyozaa! Babu aliwajibu kwamba vyuma havihitaji mchungaji wala chanjo.

Jumapili baada ya ibada alizitandaza juu ya ngozi ya ng'ombe, akazifuta moja moja, na mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kukaa karibu. Alinifundisha kuwasoma watu kwenye mbao. Kitako hiki ni kirefu, aliniambia, mwenyewe alikuwa na mikono inayofika magotini. Hiki kimelika hapa penye shavu, mwenyewe alikuwa na ndevu ngumu na hanyoi akiwa porini. Alinionyesha jina la fundi lililochongwa chini ya mtutu, na namba ndogo kwenye bolti, ambayo lazima ifanane na namba ya mwilini mwa bunduki. Bunduki yenye bolti ya bunduki nyingine, alisema, ni kama mtu kuvaa meno ya marehemu. Nilijua kuichomoa bolti na kuirudisha kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge.

Tulizungumza Kikurya, bila shaka. Kiswahili cha Babu kilikuwa cha wageni na cha serikali, na kama wazee wetu wengi hakuwa na L mdomoni. Alisema kurara, hera, reseni. Shuleni sisi watoto tulichapwa mpaka tukazipata L zetu, tukarudi nazo nyumbani kuwacheka wazee chinichini. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu wangu ndiye aliyependa kuzungumza na wageni.

Bunduki ya nne ndiyo iliyokuwa yangu. Mimi ni mashoto, na kwa mtoto wa wakati ule hilo lilikuwa kosa la kila siku. Shangazi alinipiga mkono wa kushoto nikiutumia kula. Mwalimu wa darasa la pili aliufunga kwa kamba nyuma ya dawati ili nijifunze kuandika na ule mwingine. Babu hakugombana na mtu. Siku moja aliniwekea mapajani bunduki iliyokuwa fupi kuliko zote, na bolti yake ilikuwa upande wa kushoto.

"Hii ilitengenezwa kwa mama mmoja wa Kizungu," akaniambia. "Mfupi, mashoto, na hakuwa analenga mara mbili. Unaona? Fundi mzima wa Ulaya alikaa chini akageuza kila kitu kwa ajili ya mkono wa mtu mmoja. Hakumfunga kamba. Zile tatu ni zangu, nitazifanya nitakavyo. Hii ni yako, Bhoke. Ina mwenyewe."

Niliiweka begani. Ilinikaa. Sina namna nzuri zaidi ya kueleza nilivyojisikia. Kwa mara ya kwanza kitu cha watu wakubwa kilikuwa kimetengenezwa kwa upande wangu.

Miaka hiyo ndiyo ile ya dhahabu. Wa rika langu mnaikumbuka, mihogo iling'olewa kabla ya wakati wake ili shamba ligeuzwe shimo, na vumbi la makarasha ya kusagia mawe lilikuwa linakwangua kwenye meno tukila. Walimu wawili waliacha chaki wakashika sururu. Baba yangu, Tata ndivyo tunavyoita, aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine kuwalisha watu waliomchimbia, na shimo lake likameza bila kucheua. Vijana waliopata walinunua redio, kisha baiskeli, kisha wakataka wake. Ghati, niliyekaa naye dawati moja, aliondoka darasa la sita. Ng'ombe waliingia kwao, yeye akatoka. Na shangazi alikwisha kuanza kunipima kwa macho, akisema mbele za watu kwamba Desemba ni msimu na mimi nimekua. Kwetu wakati ule msichana akipita chini ya kisu Desemba, kinachofuata ni ng'ombe. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Bwana Swai alikuja na Land Rover ya kijani. Tulidhani ni mnunuzi wa dhahabu, maana nani mwingine angepoteza mafuta yake kuja Matongo. Kumbe alitokea Arusha, na kazi yake ilikuwa kutafuta bunduki za zamani kwa niaba ya watu wa ng'ambo wanaozikusanya, watu wa kuzitundika ukutani wasiue hata panya. Alikuwa mpole, na vibali vyake alivitoa mkobani kabla hajaombwa. Babu alimtandikia ngozi kwa furaha, kwani hatimaye alikuwa amempata mtu wa kumwelewa. Ya kwanza Bwana Swai alichungulia ndani ya mtutu akasema kutu imeshakula. Ya pili kitako kilivunjika zamani, seremala wa Tarime akachonga kingine kwa mninga. Kazi safi, alisema, lakini wakusanyaji hawataki mninga, wanataka mbao ileile ya mwanzo. Ya tatu, za aina hiyo ziko nyingi. Alipoishika ya nne akasogea nayo penye mwanga. Akaichomoa bolti, akasoma namba, akasoma namba ya mwilini, akasoma jina chini ya mtutu, kisha akaiweka kwenye bega la kulia na kucheka mwenyewe.

"Ya mashoto. Tena ya mwanamke," alisema. "Mzee, hizi zilitengenezwa chache sana. Niambie unataka nini."

"Hiyo haiuzwi," Babu akamjibu kwa Kiswahili chake. "Zire zingine chagua. Hiyo ina mwenyewe." Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu?"

"Huyuhuyu."

Bwana Swai aliniangalia kuanzia miguuni, akanipa mkono wa kushoto, akaondoka mikono mitupu. Kwa siku kadhaa nilitembea kijijini nikiwa mtu.

Haikupita muda Babu akafunga safari kwenda Nyambureti, wilaya ya pili, kumwona mzee mmoja wa kabila la Waikoma aliyekuwa mwenzake porini. Alilala huko siku mbili. Aliporudi alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, jambo ambalo si la kwake, akaniita chumbani akatoa kamba. Akanipima bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo cha mkono, kiuno, kiuno hadi chini ya magoti, na kila kipimo akakifunga fundo.

"Ya nini, Babu?"

"Utaona. Lakini baba yako asijue, wala shangazi yako. Umenisikia?"

Nilijua ya nini. Alikuwa ananipima ili kitako cha bunduki kikatwe kinikae sawasawa. Hilo la kunipima kiuno na magoti sikulitafutia maana. Nilidhani mafundi wa bunduki wana mambo yao.

Bwana Swai alirudi wiki iliyofuata. Nilikuwa nyuma ya chumba cha Babu napukuchua mahindi, na ukuta ule wa udongo ulikuwa na ufa wa kutosha kupitisha maneno yote.

"Nimepata ujumbe wako, mzee," alisema Bwana Swai. "Kweli umebadili mawazo? Ile ya mtoto?"

"Nimebadiri. Utaichukua."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe hajui bado. Bhoke nimeshamtafutia mahari. Huko Nyambureti. Watu wazuri, hawana maneno. Hii bunduki ndiyo itamariza kira kitu. Baba yake atajua mtoto akishaondoka."

"Hongera, mzee," Bwana Swai akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. "Wachache wanafanya hivyo."

Wakapatana aje keshokutwa, kwani kesho yake Babu angepeleka karatasi za bunduki polisi Tarime.

Mahari. Niliendelea kupukuchua mahindi mpaka vidole vikachubuka. Kwa hiyo kamba ile ilikuwa ya gauni la harusi. Kwa hiyo Nyambureti alikwenda kunadi. Na Tata asijue, ili mzee ale ng'ombe peke yake! Kwa Tata ningelitegemea, kwa shangazi ningelitegemea, hao walikuwa hawajifichi. Lakini Babu alinikalisha juu ya ngozi kila Jumapili, akaniambia kitu hiki kina mwenyewe, kisha akakiuza pamoja na mwenyewe kwa pumzi moja. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia siku ile, na nimeolewa, najua ninachosema. Hata sikuona kwamba mambo hayakai sawa. Mahari huja kwao msichana, haitoki, sasa bunduki ingemaliza nini? Mtu mzima angejiuliza. Au ningeingia tu mlangoni nikamuuliza kwa Kikurya, ambamo neno hilo halifanani na jingine lolote. Sikuingia. Kusalitiwa kulikuwa kumeniziba masikio.

Kesho yake Babu alipokwenda Tarime nililifungua sanduku. Nikaishika bunduki yangu, nikainua mkono wa bolti, nikaivuta ikatoka, laini, imejaa mafuta ya cherehani. Niliifunga kwenye kitenge nikaenda nayo hadi shimo lililoachwa nyuma ya makarasha, lile lililojaa maji ya kijivu. Kabla ya kuitupa nikaiambia, "Kaolewe wewe." Niliisikia ikigonga ukuta mara mbili, kisha maji.

Bwana Swai alifika siku ya ahadi na sanduku maalumu lenye sponji ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Babu alipoitoa bunduki na kuona tundu tupu, alicheka kwanza, akidhani ameiweka pembeni alipoisafisha. Akatafuta sandukuni. Akatafuta chini ya kitanda, akaliinua godoro, akakung'uta ngozi. Mzee mzima alipiga magoti akapapasa sakafu kwa viganja, na mgeni wake anamwangalia.

"Mzee, pole," alisema Bwana Swai. "Bila bolti yake yenyewe, hii ni fimbo. Nzuri, lakini fimbo."

Hapo nikaingia. Sikumwamkia mtu. Nilisema kwa Kiswahili, makusudi, ili na mgeni asikie.

"Nimeitupa mimi. Shimoni. Siitaki mahari yako. Nenda kaolewe wewe huko Nyambureti!"

Babu alibaki amepiga magoti. "Mahari?" akauliza.

"Ulimwambia huyu. Nilisikia! Bhoke nimeshamtafutia mahari."

Midomo yake ikawa inalirudia neno bila sauti, kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki kwa ulimi. Bwana Swai ndiye aliyeelewa kwanza. Akaliweka chini lile sanduku lake.

"Mama yangu," alisema. "Mtoto, babu yako alisema mahali. Nafasi. Kuna shule ya masista, amekupatia nafasi."

"Mahari pa kusoma," Babu akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Pa kusoma, Bhoke. Si mahari ya ng'ombe. Mahari pa kusoma."

Ya na pa. Nilishachapwa sana kwa ajili ya hizo pia, na nikawa wa kwanza darasani. Siku ile nyuma ya ukuta hakuwa amefika kwenye pa.

Yaliyobaki nilielezwa na Bwana Swai. Masista wale walikuwa na bweni, na wasichana waliopokelewa kabla ya Desemba walikaa hukohuko likizo nzima mpaka msimu upite. Mwikoma wa Nyambureti ndiye aliyezungumza nao. Walitaka ada ya kuanzia na sare, na kamba ile yenye mafundo ilikuwa ya fundi wa sare. Tata hakuambiwa kwa sababu Tata alikuwa tayari ana mazungumzo yake, ya ng'ombe kweli, na mtu mwenye mashimo mawili.

Nilingoja nipigwe. Ningepigwa ningepona. Babu aliinuka kwa kushika kitanda, akaniuliza kwa Kikurya, polepole, kitu kimoja tu.

"Ulidhani mimi ningekuuza?"

Tulikuwa tunajua wote wawili jibu ni lipi.

Bwana Swai alikubali kungoja Tarime wiki moja. Wiki hiyo nzima Babu alishinda kwenye lile shimo. Alimwomba Marwa, kijana mmoja mchimbaji, ashuke. Marwa akashuka, akatoka na tope hadi nywele.

"Mzee," alimwambia, "sisi tunaosha tope tupate dhahabu, wewe unatafuta chuma?" Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini.

Babu aliwaletea maziwa. Akaleta kamba na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akawa anaishusha na kuipandisha kama mvuvi, na kila jioni sumaku ilitoka imeshika misumari na vipande vya nondo. Mimi nilikaa upande wa pili wa shimo. Hakunifukuza, wala hakunisemesha. Siku ya saba mvua ilinyesha, ukuta wa shimo ukabomoka, na hapo hata Marwa akaacha kucheka. Bwana Swai akarudi Arusha. Masista wakampa nafasi mtoto mwingine. Ninaamini yupo mahali fulani leo na miwani yake, na simwonei wivu kila siku.

Desemba ilinikuta nyumbani. Yaliyowapata wenzangu yakanipata, na shangazi alipiga vigelegele. Mwaka uliofuata mahari ikaja kweli, ile ya ya, yenye kwato. Tata aliwapeleka ng'ombe wale shimoni wote. Ndoa sitaisimulia hapa. Ilinileta Sirari, na huku ndiko nilikojifunza kushona, na mkasi nilionao ni wa mashoto, niliagiza Kenya.

Nimeishi na hasira ya kusalitiwa nikajua ladha yake. Zile siku mbili zilinitosha. Lakini mimi yangu ilikuwa ya uongo, nikaivua. Ya Babu ilikuwa ya kweli. Aliendelea kunipenda, msinielewe vibaya. Aliniletea ndizi, aliwabeba watoto wangu. Jumapili alizitandaza zile tatu akazipaka mafuta, na ile ya nne aliipaka pia, tundu lake tupu na yote. Baada ya mazishi yake zilirudishwa polisi, na askari aliyeziandika aliandika mbele ya ya nne: mbovu. Ila Babu hakuniita tena kukaa kwenye ngozi.

Na kuna jambo jingine, nililochelewa kuligundua. Wageni waliendelea kuja, naye aliendelea kuwapigia Kiswahili chake, kurara na hera vilevile. Lakini nikiwepo mimi, kulikuwa na neno moja ambalo halikutoka. Akitaka kueleza lilipo jambo, alisema pare, au huko, au upande ure. Mgeni akimuuliza, mzee, kuna mahali pa kupaki gari, alinyoosha mkono tu.

Alipougua mwisho tulikusanyika wote. Mchungaji alikuwa mgeni, ametokea Mwanza, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Walipomaliza kuomba, mchungaji akainama kitandani akamuuliza kwa upole kama alikuwa amechagua mahali angependa alazwe siku yake ikifika. Babu alifungua mdomo. Macho yake yakazunguka chumbani mpaka yakanipata mimi nyuma ya watu, yakatulia, na mdomo ukafungwa. Kisha akainua fimbo yake, akaielekeza nje, kwenye mawe yaliyo nyuma ya zizi.

"Hapo," akasema.

Watu walitikisa vichwa kwa huruma, wakaambiana kwamba pumzi imemwishia. Haikuwa pumzi.